Mota ya kwenye gurudumu: mbona treni bado zina gia?

SWALI: Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ya umeme ina mota ndani ya gurudumu la nyuma, haina gia wala mnyororo. Juzi nikiwa kwenye treni ya umeme kutoka Dar, abiria mwenzangu akaniambia treni nyingi za namna ile duniani bado zinatumia gia. Kwa nini zisiige pikipiki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hapo treni ndizo zilizotangulia. Reli ya Central London, inayopita chini ya ardhi jijini London, ilipofunguliwa mwaka 1900, vichwa vyake vya tani 44 vilikuwa na mota zilizokaa kwenye ekseli zenyewe (vyuma vinavyounganisha magurudumu mawili), bila gia. Sasa, kilichokaa kwenye ekseli hakibebwi na springi, kwa hiyo uzito wa mota hizo ulikuwa unaigonga reli. Wenye majengo juu ya handaki wakalalamika kwamba yanatikisika, ikaundwa kamati ya kuchunguza, na kufikia 1903 kazi ya kuvuta abiria ilikuwa imehamia kwenye mabehewa yenye mota ndogo za gia.

Mbona mota ile ilikuwa nzito? Gurudumu la treni lenye kipenyo cha sentimita 92, kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, huzunguka kama mara 920 tu kwa dakika. Mota inayozunguka polepole hivyo lazima iwe nene ndipo itoe nguvu ya kuvuta. Ukiweka gia, mota ndogo inazunguka kwa kasi zaidi na kazi inafanyika.

Sumaku za neodimiamu, zenye nguvu sana na zilizopatikana miaka ya 1980, zimepunguza unene huo. Tramu za Škoda 15T za Praha, mji mkuu wa Cheki, zina magurudumu 16, na kila moja lina mota yake ya sumaku, bila gia. Kwa kuwa hakuna ekseli inayokatiza chini, sakafu ni ya chini mwanzo hadi mwisho. Huko naona mpango huu umefika mahali pake. Japani nao walijaribu treni isiyo na gia, E331, mwaka 2007. Ilibaki moja tu, na mwaka 2014 ikawa chuma chakavu.

Ila usichanganye sumaku na kukosa gia. Treni ya Ufaransa iliyofika kilomita 574.8 kwa saa mwaka 2007 ilikuwa na mota za sumaku, na gia zilikuwepo.

Tena sumaku haizimwi. Mwambie fundi wako achomoe zile waya tatu nene za mota ya pikipiki na kuziunganisha pamoja, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono: litagoma, kwa sababu mota imegeuka jenereta. Mimi ninayesuka mota, hilo ndilo linanitisha. Mota ya kawaida isiyo na sumaku, koili ikiungua unakata umeme, basi. Hii ya sumaku huendelea kuzalisha umeme na kuichoma koili hiyohiyo maadamu magurudumu yanazunguka. Kontakta (swichi kubwa) kati ya inveta, kifaa kinachoilisha mota umeme, na mota yenyewe haisaidii kitu ikiwa shoti imo ndani ya mota; hapo dereva hana budi kupunguza mwendo au kusimama.