Jibu: mgeni anaganda vCPU zikiwa nne, kufuli mbili zinasubiriana

Waaleykum salaam, mdogo wangu wa Chake. Nimeisoma posti yako mara mbili. Kwa wanaoingia sasa: ameandika moduli inayoiga kifaa ndani ya KVM, ile sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha mashine pepe; bodi yake ni arm64, yaani prosesa za Arm za biti 64. Mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, akiwa na vCPU (prosesa pepe) moja anawaka vizuri. Zikiwa nne anaganda, na baada ya dakika mbili kerneli ya mwenyeji (kompyuta inayombeba mgeni) inaandika kwamba kuna thredi imesubiri zaidi ya sekunde 120. Akaondoa mutex_lock, inayosubiri kufuli mpaka iachiwe, akaweka mutex_trylock, inayojaribu mara moja bila kusubiri; malalamiko yakakoma, ila mara mojamoja mgeni hawaki. Anauliza kama tatizo limekwisha.

Halijesha, na nakwambia hivyo kwa sababu mie nilipita humohumo. Nilikuwa natunza moduli ya mteja, na mie pia niliweka trylock, ikishindwa inarudisha -EBUSY, yaani kosa la "kuna shughuli". Nikalala nimeridhika. Siku ya nne mteja akanipigia: mashine pepe imewaka, lakini nproc, amri ya kuhesabu prosesa, inasema 3 na walilipia 4. Programu ya juu ilipokea -EBUSY, haikujua kwamba ilitakiwa ijaribu tena, ikaiacha vCPU ya nne imelala. Mgando ningeuona siku ileile. Kosa hili lilijificha siku nne, na data za watu zimo ndani.

Hebu turudi kwenye mzizi. Kwetu Makunduchi, nyumba ya bibi na ya jirani zilikuwa na kinu kimoja na mchi mmoja vya kushirikiana. Kuamkia Idi kila nyumba inataka kutwanga ngano ya bokoboko. Huyu akiwahi kinu na yule akawahi mchi, wote wawili wanakaa na kitu kisichotwanga, na kila mmoja kwa upande wake yuko sahihi. Bibi aliweka sharti moja: asiye na kinu mkononi haugusi mchi. Ugomvi ukaisha.

KVM nayo ina sharti lake, limeandikwa kwenye Documentation/virt/kvm/locking.rst. Lisome lote, si refu. Linalokuhusu ni hili: kvm->lock, kufuli ya mashine nzima, ndiyo kinu, hushikwa kwanza; vcpu->mutex, kufuli ya vCPU moja, ndiyo mchi, baadaye. Halafu kvm->lock iko nje ya (yaani hushikwa kabla ya) slots_lock, kufuli ya ramani ya kumbukumbu, na irq_lock, kufuli ya ukatizaji (ishara za vifaa kwa prosesa), na slots_lock iko nje ya irq_lock.

Sasa utasema, mbona kwenye faili langu sijashika vcpu->mutex hata mara moja? Hapo ndipo wengi tunaponasa. Thredi ya vCPU inapoingia KVM_RUN, ile ioctl (ombi la programu kwa kerneli) ya kuendesha vCPU, kerneli inaishika vcpu->mutex kabla mstari wako wa kwanza haujafikiwa, na inaendelea kuishikilia mpaka ioctl irudi. Mgeni akitoka kwa sababu amegusa kifaa chako, msimbo wako unaitwa na mchi tayari uko mkononi. Wewe ukiandika mutex_lock(&kvm->lock) pale, umekwenda kuomba kinu. Kwa upande wa pili, ioctl yako ya kuweka upya kifaa inashika kvm->lock, kisha inazungukia vCPU zote kushika mutex ya kila moja. vCPU ikiwa moja, njia hizi mbili hukutana kwa nadra. Zikiwa nne zinaamshana wakati wa kuwaka, zinakutana karibu kila mara.

Usione haya. KVM ya arm64 yenyewe ilikuwa na mpangilio huu kinyume tangu mwanzo: mgeni alipoita CPU_ON ya PSCI (kanuni ya Arm ya kuwasha na kuzima prosesa) ili kuamsha vCPU nyingine, kvm->lock ilishikwa ndani ya vcpu->mutex. Ilirekebishwa mwaka 2023.

Kwa nini haikuonekana miaka yote ile, na Lockdep, kikaguzi cha kufuli cha kerneli, ipo tangu kerneli ya 2.6.18 ya mwaka 2006? Elewa hapa vizuri, maana ndiko malalamiko yako yalikopotelea. Lockdep haingoji mkwamo utokee. Inachora mishale: aliyeshika A akaenda kusubiri B, mshale kutoka A kwenda B. Siku ikiona pia mshale wa B kwenda A, hata kama ni saa tatu baadaye na kwenye thredi nyingine, inapiga kelele. Lakini trylock haisubiri, kwa hiyo haichorewi mshale wa kuiendea. Msimbo wa arm64 ulizishika mutex za vCPU kwa trylock ndani ya kvm->lock, na mshale wa upande mmoja haukuwahi kuchorwa. Mwaka huohuo wa 2023 yakaongezwa maneno machache kwenye sehemu inayounda vCPU: ikiwa Lockdep imewashwa, ishike vcpu->mutex ndani ya kvm->lock kisha iiachie hapohapo, basi, ili Lockdep ijue mpangilio tangu vCPU ya kwanza. Kama kerneli yako ni ya zamani kuliko hapo, ongeza mwenyewe hiyo mistari kabla ya kujaribu lolote.

Kuhusu dawa. Jiulize kvm->lock unaitakia nini ndani ya njia ya KVM_RUN. Mie nilipojiuliza kwa kweli, jibu lilikuwa aibu: nilikuwa nalinda sehemu mbili tu, hali ya kifaa na namba ya vCPU inayopokea ukatizaji. Kwa vitu viwili nilikuwa nafunga mashine nzima. Nikaunda kufuli ndogo, nikaiita hali_lock, ikakaa ndani kabisa: ukiishika hiyo, huruhusiwi kushika nyingine yoyote. Unaishika, unasoma au unaandika, unaiachia. kvm->lock ikatoka kabisa kwenye njia ya KVM_RUN. Arm64 nao walifanya vivyo hivyo, wakaweka mp_state_lock kwa kila vCPU na config_lock kwa mashine nzima. Kwenye kila kazi inayogusa sehemu zile weka lockdep_assert_held, inayolalamika kufuli ikiwa haijashikwa, ili atakayekuja baada yako asiziguse kimakosa.

Wapo watakaokushauri uachie vcpu->mutex, ushike kvm->lock, kisha uirudie. Mie sikushauri. Hiyo mutex hukuishika wewe, na ukiiachia, mwenye ioctl nyingine anaweza kuibadilisha vCPU katikati ya kazi yako.

Mtego mmoja zaidi, kvm->srcu. Hiyo si kufuli ya kawaida, ni njia ya kuwaacha wasomaji wasome data bila kuzuiana, lakini synchronize_srcu inasubiri wasomaji wote watoke, na huitwa na aliyeshika kvm->lock au slots_lock. Ukiwa msomaji ndani ya srcu ukaenda kusubiri mojawapo ya hizo, mmekwama, na ukitafuta kufuli ya pili hutaiona.

Namna ya kupima: jenga kerneli yenye CONFIG_PROVE_LOCKING (chaguo linalowasha Lockdep) kwenye bodi ya majaribio, si ya kazi, kwa sababu inakuwa nzito. Rudisha mutex_lock ya zamani kwanza. Tia msleep(200), usingizi wa milisekunde 200, katikati ya kufuli mbili kwenye ile ioctl, mgando uliokuwa wa bahati utakuja kila mara. Ukiganda, andika w kwenye /proc/sysrq-trigger uone thredi zilizokwama, kisha, kama Lockdep bado haijatoa ripoti, d uone nani ameshika nini. Kumbuka Lockdep ikishatoa ripoti ya kwanza inajizima, kwa hiyo washa upya bodi kabla ya jaribio linalofuata, la sivyo ukimya wake utakudanganya. Kisha weka kufuli mpya, msleep iache palepale, uwashe mgeni mara mia kwa skripti, na kila mara uhesabu nproc ndani ya mgeni.

Ukipata ripoti, niwekee hapa yote, hasa ile sehemu ya mnyororo yenye orodha ya miito ya kila kufuli. Na niwekee ile ioctl yako nzima. Nashuku humo unashika irq_lock kabla ya slots_lock, ila sina hakika mpaka niione.