Shelisheli Hakuna Viza, Lakini Karatasi Zipo

Juzi dada mmoja kaniandikia ujumbe, kalia kweli. Yeye na mchumba wake wamezuiwa kaunta pale uwanja wa ndege Dar, mabegi yameshapimwa. "Kaka, si ulisema Shelisheli hakuna viza?"

Nilisema, na narudia: hakuna. Ila kibali cha kusafiri unakiomba mtandaoni na kukilipia kabla ya safari, na usipokuwa nacho shirika la ndege halikupandishi. Hilo nalo niliandika. Watu mlisoma kichwa cha habari mkakimbilia kukata tiketi.

Mimi nilifika na bahasha yangu imekamilika: pasipoti, tiketi ya kurudi, hoteli niliyolipia, kibali, kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Binti wa kaunta akaipeleka ile kadi kwenye mwanga, akakagua muhuri na tarehe, halafu akanitazama mimi mtoto wa Temeke utadhani nimeiokota. "Unaenda kufanya nini huko?" Kuogelea, dada. Mzungu aliyekuwa mbele yangu hakuulizwa hata jina la hoteli. Iliniuma, na hadi leo inaniuma. Lakini Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, nikagongewa muhuri wao wenye umbo la ile nazi yao kubwa, coco de mer, na ukurasa huo nimeshawaonyesha wote waliosema safari za visiwani si za watu wa aina yetu.

Kadi ya njano ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu baadhi ya nchi zinatuhesabu huku kwetu ukanda wa homa ya manjano. Usichanje leo ukaruka kesho. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukishachanja umemaliza, maana tangu 2016 ni cha maisha. Anayekwambia "miaka 10 imepita, rudia" anataka hela yako tu.

Maldivi nako viza ni bure, siku 30, unagongewa ukifika. Ila kuna fomu ya mtandaoni ya kujaza ndani ya saa 96 kabla ya ndege kuondoka, na tiketi ya kurudi na hoteli wataviulizia.

Jamani, tujifunze kusoma wenyewe. Mnatumia wiki nzima kuchagua nguo za kupigia picha, kibali mnamwachia wakala awajazie, jina linakosewa herufi, kisha mnalia na serikali. Ingia tovuti ya uhamiaji ya nchi unayokwenda. Soma. Hakikisha pasipoti ina miezi 6 mbele. Soma tena.

Na wale mnaoulizia Réunion na Mayotte: hivyo ni visiwa vya Ufaransa, lakini viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, haikuingizi huko. Ombi lako liseme wazi kwamba unakwenda kisiwa kipi, na viza itoke kwa ajili ya kisiwa hicho. Akikuuzia mtu "Schengen ya Mayotte", mkatie simu.