Ukihamia mji wenye timu ya chuo, usianze kwa kubisha

Mwaka wangu wa kwanza Lincoln, Nebraska, Marekani, nilimkuta mama mwenye nyumba ameshindwa kula kwa sababu timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu imefungwa. Nikamwambia, "Lakini hawa ni wanafunzi tu, mama." Hakunijibu. Jumamosi iliyofuata alinipa fulana nyekundu iliyopauka, ya marehemu mumewe, akasema twende.

Kama unakuja kusoma huku, fanya hivyo mapema: nenda uwanjani na mtu aliyeirithi timu. Tulipofika Memorial Stadium, kabla hajaniambia nikae, aliweka kiganja juu ya benchi, pale mumewe alipokuwa akikaa. Alikiacha pale kitambo. Viti vile yeye na mumewe walivipata kwa baba yake.

Mimi nimezaliwa nyumba ya Yanga, kwa hiyo kurithi timu nakujua. Nisichokijua kilikuwa mapenzi kwa timu ambayo wachezaji wake hukaa miaka michache, kisha huondoka. Ila fikiria: Nebraska haina hata timu moja kwenye ligi kuu za kulipwa za Marekani. Hii ndiyo timu ya jimbo zima. Kuna watu huendesha gari kwa muda wa saa sita kutoka magharibi kule mashambani, na siku ya mechi uwanja hubeba watu zaidi ya 80,000, kama mji wa tatu kwa ukubwa baada ya Omaha na Lincoln. Ubingwa wa mwisho wa taifa wa futiboli ni wa 1997, na bado wanakuja. Wala si futiboli peke yake: tarehe 30 Agosti 2023 watu 92,003 walijaa uwanja huohuo kutazama wasichana wakicheza mpira wa wavu.

Kwa hiyo usimuulize shabiki kwa nini anajali. Muulize nani alimleta mara ya kwanza. Utasikia habari za baba, za babu, za baridi ya Novemba na chai ya chupa, na mwenyeji aliyekuwa akikusalimia kwa kichwa tu atakukaribisha kwake.

Siku ile tulifungwa tena. Wageni walipokuwa wakitoka uwanjani, watu wa jukwaa letu walisimama kuwapigia makofi, kama ilivyo desturi yao. Mama alikuwa anafuta machozi kwa mkono mmoja. Kwa mwingine alinivuta mkono wa fulana, nisimame.