Kichwa kikichoka kabla ya miguu

Kwenye mazoezi ya kundi, kinachotangulia kuchoka mara nyingi ni kichwa. Uko katikati ya kuruka kichura, unaona wenzako bado wanaruka, unapiga hesabu ya seti zilizobaki, na papo hapo magoti yanakuwa mazito. Mimi nafanya mazoezi Jumamosi alfajiri hapa Kampala, na lililonisaidia kuliko yote ni kuacha kuhesabu zilizobaki.

Nahesabu hadi kumi tu. Tukipanda kilima cha Kololo mbio, siangalii juu. Naangalia visigino vya aliye mbele yangu, moja hadi kumi, kisha naanza upya. Pumzi nazo nazitoa polepole, ndefu kuliko nilivyovuta. Mgeni kutoka Mombasa asione haya akihema mapema. Mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari.

Kiongozi wetu ni mwanajeshi mstaafu, nasi sote tunamwita Afande. Anatukimbiza mchakamchaka: yeye anaanzisha wimbo, sisi tunaitikia, kwa Kiswahili, kama ilivyo jeshini hapa Uganda. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Kumbe ukiitikia, unatoa pumzi kwa mpigo mmoja na wenzio, miguu inafuata, na huna nafasi ya kujihurumia. Ukishindwa kuitikia hata neno moja, mwendo umekuzidi, punguza. Ndiyo maana nashika mstari wa pili. Wa mbele wanashindana, wa nyuma wanapiga soga.

Na usidhani kuishiwa nguvu ni kwa wanyonge tu. Machi 2017, hapo hapo Kololo, mwanariadha wa Uganda Joshua Cheptegei aliongoza mbio za nyika za dunia mbele ya watu wa kwao, mpaka mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea. Wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30. Mwaka 2019 akatwaa ubingwa wa mbio hizo hizo kule Aarhus, Denmark. Watu husimulia ubingwa huo. Mimi huwaza zaidi zile hatua za Kololo, maana angeweza kuketi nyasini na hakuna ambaye angemlaumu.

Muchomo, yaani nyama choma, wa Ijumaa usiku nao uuache. Utakudai mlimani, na ugumu wa kichwa hautakusaidia kulipa.

Ila jifunze kutofautisha. Paja likiwaka moto, endelea, ni kazi inafanyika. Kiungo kikichoma ghafla, kizunguzungu kikikushika au kifua kikibana, simama hapo hapo. Huo si wakati wa kujikaza. Afande humfokea anayejivuta, lakini ukimwambia, "Afande, goti," anakuonyesha kivuli kwa kidole na hana swali la pili.