Kuhama na mtoto mwenye usonji: mwalimu kwanza, nyumba baadaye

Dada, umesema mnahama baada ya miezi 3, mwanao mwenye usonji ana miaka 6 na bado haongei, na hujui uanzie wapi kutafuta shule. Pole na maandalizi. Mimi nilihama na wangu akiwa na miaka 7, nikaanza na nyumba. Kodi ikalipwa, mizigo ikafungwa, ndipo nikapiga simu shule ya jirani. Wakanijibu, "Watoto wa hivyo tunapokea." Nikaridhika. Siku ya kwanza nakuta wasioona, viziwi na wenye usonji wamewekwa darasa moja, kwa mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kufundisha mtoto asiyeongea.

Kwa hiyo usiulize kama wanapokea. Uliza mwalimu wa elimu maalumu amesomea nini, ana watoto wangapi, mtaalamu wa tiba ya usemi anafika mara ngapi kwa wiki, na mtoto akizidiwa na kelele anapelekwa wapi. Kisha nenda mwenyewe, ukae pale mpaka mapumziko. Kengele ikilia na watoto wakatoka mbio, tazama nani anamwendea yule aliyeziba masikio. Shule tuliyohamia baadaye niliichagua kwa hilo tu: msaidizi wa darasa alichuchumaa mbele ya mtoto, hakumshika, hakusema neno, akamwonyesha picha ya mlango, wakatoka pamoja polepole.

Ripoti ya uchunguzi, mpango wake wa elimu na taarifa za tiba, omba nakala sasa hivi, zenye sahihi na muhuri. Mkishaondoka kufuatilia ni kazi. (Wenye watoto wakubwa, kama ripoti imeandikwa Asperger, jina la zamani la aina moja ya usonji, DSM-5, mwongozo wa Marekani ambao madaktari hutumia kutambua hali za akili, uliliunganisha jina hilo na usonji mwaka 2013, na huenda mkatakiwa kufanya tathmini mpya.) Kama mnavuka mpaka, kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 kinatambua haki yake ya elimu jumuishi. Ila kila nchi ina utaratibu wake, kwa hiyo jiandae mpango wake kuandikwa upya.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Mwanangu anaongea kwa kadi za picha. Nilizitia kwenye boksi la vitabu, boksi likapanda lori, lori likachelewa siku 4. Akawa ananishika mkono, ananivuta hadi jikoni kutupu, anaubandika mkono wangu ukutani na kulia. Nikadhani ni uchovu wa safari. Kumbe kule tulikotoka, ukuta wa namna ile ndiko lilikokaa jokofu. Alikuwa anaomba maji.

Kadi za mwanao zibebe kwenye mkoba wako mwenyewe, usiuachie mtu. Seti ya pili mpelekee mwalimu mpya wiki moja kabla ya siku ya kwanza.