Viza mkononi, mpaka umefungwa: maswali ya wasomaji kuhusu kuhamia ng'ambo

Tangu aina mpya ya virusi vya korona, Omikroni, itangazwe mwishoni mwa Novemba 2021, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zimekuwa za watu waliokwishaanza mipango ya kuhama, ambao sasa hawajui waendelee au wasubiri. Kwa toleo hili la Januari 2022 tumechagua tatu.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nimepata mkataba wa kazi wa miaka miwili katika nchi ya ng'ambo, na mwajiri anataka niripoti kazini mwezi wa Aprili. Maombi ya viza nimeshayapeleka ila sijajibiwa. Mwajiri wangu wa sasa anadai notisi ya miezi miwili, mwenye nyumba naye anataka kujua kama nitaongeza mkataba wa pango, na ndugu zangu wananihimiza niuze gari na samani mapema. Nahofia kwamba nikichelewa sitakuwa na muda wa kujiandaa, na nikiwahi nitajikuta sina kazi huku wala kule. Nifuate mpangilio gani?
Msomaji aliyeomba jina lake lihifadhiwe

JIBU: Salamu tumezipokea, na hofu yako ina msingi. Wanaoumia zaidi katika kipindi hiki ni wale wanaoamini kwamba viza ikishabandikwa kwenye pasi safari imekwisha kupatikana. Zamani dhana hiyo haikumdhuru mtu, lakini tangu Machi 2020, janga la korona lilipofunga mipaka, viza na ruhusa ya kuvuka mpaka viligeuka kuwa vitu viwili tofauti: viza inahusu kama wewe binafsi unastahili kwenda kufanya kazi, kusoma au kuishi, ilhali amri za mipakani zilihusu kama watu wanaotoka ulikotoka walipokelewa wiki hiyo au hawakupokelewa.

Mfano ulio wazi ni wa watu waliokubaliwa ukaazi wa kudumu Kanada baada ya tarehe 18 Machi 2020. Walikuwa wamelipa ada, wamepimwa afya na wamepewa hati za kuthibitishwa, lakini isipokuwa wale waliokuwa na msamaha maalumu, hawakuruhusiwa kuingia hadi tarehe 21 Juni 2021, na wapo ambao hati zao ziliisha muda wakiwa bado wanasubiri. Uchina ilisimamisha tarehe 28 Machi 2020 hata wageni wenye viza halali na vibali vya ukaazi, na wanafunzi wengi wa kigeni wa vyuo vyake walikuwa bado wanasoma kwa mtandao mwanzoni mwa 2022. Japani nayo ilifungua mlango kwa wanafunzi na wafanyakazi wa kigeni tarehe 8 Novemba 2021, kisha ikaufunga tena tarehe 30 mwezi huohuo, kwa hiyo aliyeacha kazi katikati ya Novemba kwa sababu amesikia Japani imefunguliwa alibaki hana pa kushika.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, zungumza na huyo mwajiri mpya, kwani mkataba wake ndio unaoweza kulegezwa kwa urahisi zaidi kuliko mambo mengine yote uliyoyataja. Mwombe aondoe tarehe maalumu ya Aprili na badala yake aandike kwamba utaripoti ndani ya idadi fulani ya siku tangu utakapopata viza na kuruhusiwa kuingia nchini. Mwajiri aliyekwisha kuajiri wageni tangu janga hili lianze ataelewa mara moja unachozungumzia. Asiyetaka hata kulijadili jambo hilo amekupa taarifa muhimu kuhusu namna atakavyokutendea utakapofika. Mwulize pia kama unaweza kuanza kazi kwa mbali, ukijua kwamba jibu linategemea sheria za kodi za nchi zote mbili na si hiari yake peke yake.

Kwa mwajiri wa sasa, notisi ya miezi miwili si ukuta kama inavyoonekana. Wapo waajiri wanaokubali likizo bila malipo, au wanaokubali notisi fupi mfanyakazi akijitolea kumfundisha atakayeshika nafasi yake. Mwenye nyumba mwombe mkataba wa mwezi kwa mwezi hata kama kodi itapanda kidogo, kwa sababu ongezeko hilo ni dogo kuliko gharama ya kutafuta pa kuishi kwa haraka safari ikikwama. Gari na samani viache vya mwisho. Kuna vitu vinavyouzika ndani ya wiki moja, na hivyo havina sababu ya kutangulia kuondoka nyumbani kabla yako.

Jambo linalostahili kuanza leo hii ni nyaraka, lakini zianze kwa utaratibu. Vyeti vya elimu, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa, pamoja na tafsiri zake zilizoidhinishwa, kwa kawaida havina mwisho wa matumizi, kwa hiyo vishughulikie sasa wakati ofisi zinafanya kazi, maana hakuna ajuaye zitafungwa tena lini. Pasi iangalie kwa makini: nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa angalau miezi 6, na kama imebaki na mwaka mmoja ni afadhali kuibadilisha kabla viza haijabandikwa ndani yake. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2. Cheti cha kupimwa kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza za muda mrefu za Uingereza hudumu miezi 6 tu, na viza ya uhamiaji ya Marekani kwa kawaida haizidi miezi 6, mara nyingine ikiwa fupi zaidi kutegemea tarehe ya uchunguzi wa afya. Hivi vyenye uhai mfupi visitangulie. Tumesoma barua za watu waliokimbilia kupima afya mwanzoni kabisa ili waonekane wako tayari, kisha miadi ya ubalozi ikasogezwa mbele na wakalazimika kupima na kulipa upya.

Viza itakapotoka, isome papo hapo kabla hujaondoka dirishani au siku hiyohiyo unapofungua bahasha. Tazama tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, herufi za jina na namba ya pasi. Baadhi ya viza, kama stika ya kuingilia Uingereza ambayo mwanzoni mwa 2022 kwa kawaida ilidumu siku 90, zilikupa dirisha fupi la kuingia tu, na kibali chenyewe cha kukaa ulikichukua baada ya kufika. Mwaka 2020 walioshindwa kusafiri waliruhusiwa kubadilishiwa stika hizo bila malipo, lakini huo ulikuwa msamaha wa wakati ule.

Kuhusu fedha, tenga akiba ambayo haimo katika nauli wala katika pango la kule. Nchi zilizo kusini mwa Afrika zilipoingizwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza Novemba 2021, msafiri aliyetoka huko alilazimika kukaa karantini ya hoteli kwa siku 10, na gharama yake ilikuwa pauni 2,285 kwa mtu mzima mmoja. Orodha hiyo ilifutwa tarehe 15 Desemba, na Marekani nayo ikaondoa marufuku yake kwa nchi 8 za ukanda huo tarehe 31 Desemba. Ni wiki chache tu, nazo zilitosha kumaliza akiba za watu. (Kwa maoni yetu lilikuwa jambo la kusikitisha pia, kwa kuwa wanasayansi wa Afrika Kusini waliripoti Omikroni kwa uwazi tarehe 24 Novemba, na malipo yao yakawa kufungiwa njia.) Tiketi nunua inayoruhusu kubadili tarehe, na usome masharti yake: shirika la ndege likifuta safari lenyewe una haki ya kudai fedha zako, lakini ukishindwa kusafiri kwa sababu viza imechelewa utabanwa na masharti uliyoyakubali wakati wa kununua. Chunguza pia sheria za nchi utakayobadilishia ndege, kwa sababu wapo waliozuiwa safari si na nchi waendako bali na kiwanja cha kupita.

SWALI: Nilichanjwa dozi mbili za Sputnik V, chanjo ya korona kutoka Urusi, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana wakati huo. Sasa nimepata nafasi ya masomo na ninasikia chanjo yangu haitambuliwi. Je, niseme sijachanjwa na kuanza upya?

JIBU: Usiseme uongo kwa daktari wala kwa ubalozi. Kumbukumbu za chanjo zipo kwenye mifumo, na maelezo yanayopingana yanaweza kukunyima viza ambayo vinginevyo ungeipata. Ni kweli kwamba Sputnik V haimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya chanjo zilizoidhinishwa kwa matumizi ya dharura, ambayo ina chanjo kama Pfizer-BioNTech, AstraZeneca, Moderna, Johnson & Johnson, Sinopharm, Sinovac na Covaxin. Orodha hiyo ilikuwa kipimo cha nchi nyingi: kuanzia tarehe 8 Novemba 2021 Marekani iliwataka wageni wasio wahamiaji wanaoingia kwa ndege wawe wamekamilisha chanjo zilizoidhinishwa na mamlaka yake au na Shirika hilo. Hata hivyo zilikuwapo nchi zilizoikubali Sputnik V kwa taratibu zao wenyewe, kwa hiyo swali la kwanza ni nchi yako ya masomo inasema nini, na swali hilo liulize idara ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kwa maandishi, ili ubaki na jibu unaloweza kulionyesha.

Ikibidi kupata chanjo nyingine, mweleze daktari ulizokwisha kupata, naye atakushauri juu ya aina na muda wa kusubiri. Hesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya safari, kwa sababu nchi nyingi zilihesabu mtu amekamilisha chanjo siku 14 baada ya dozi ya mwisho. Cheti chenyewe kiwe na jina lilelile lililo kwenye pasi, kwa mpangilio uleule. Jambo hili linaonekana dogo hadi unapofika kaunta ya uwanja wa ndege, ambapo mfanyakazi huingiza uraia wako na safari yako kwenye mfumo unaoitwa Timatic, unaomwonyesha masharti ya nchi uendako, kisha analinganisha nyaraka moja baada ya nyingine. Shirika likimpeleka abiria asiyekubalika hutozwa faini na kumrudisha, kwa hiyo mfanyakazi huyo hana sababu ya kukuonea huruma cheti kikisema jina moja na pasi jingine.

Usisahau kipimo cha korona. Marekani, kuanzia tarehe 6 Desemba 2021, ilitaka kilichochukuliwa si zaidi ya siku moja kabla ya kuondoka. Nchi zilizotaka PCR, yaani kipimo cha korona cha maabara, ndani ya saa 72 kwa kawaida zilihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa, wala si tangu jibu lilipotoka, na maabara ikichelewesha jibu ni wewe utakayekosa ndege.

SWALI: Miadi ya ubalozi niliyopewa ni ya miezi saba ijayo. Wakala mmoja anasema kwa ada fulani ataisogeza hadi mwezi ujao, mradi nimwachie pasi yangu. Nimwamini?

JIBU: Hapana. Msongamano wa miadi ni wa kweli, kwa sababu balozi nyingi zilisimamisha huduma za kawaida za viza mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2022 bado zilikuwa zikishughulikia maombi yaliyolimbikizana, lakini foleni hiyo haiuzwi na mtu wa nje. Balozi nyingi zina utaratibu wa kuomba miadi ya dharura kupitia akaunti ileile uliyotumia kupanga miadi. Ambatisha barua ya chuo au ya mwajiri inayotaja tarehe ya mwisho ya kuripoti, na ueleze kwa ufupi utapoteza nini ukichelewa. Endelea pia kuifungua akaunti hiyo mara kwa mara, kwani wanaoahirisha safari huachia nafasi zao na nafasi hizo hurudi kwenye kalenda bila tangazo. Pasi ibaki mikononi mwako, na ukishaikabidhi kituo rasmi cha maombi, hifadhi stakabadhi yake.