Kipimajoto kwanza, mashine baadaye: jibu kwa anayetaka kupima kaboni dayoksaidi kwenye meli ya mizigo

Usimlipe huyo ajenti wa mitambo. Kama hizo pesa hazijatoka kwenye akaunti, zizuie leo, halafu keti usome.

Umeuliza mambo manne: ununue mashine ipi ya kupimia kaboni dayoksaidi iliyo kwenye maji ya bahari, umkabili vipi mwenye meli, mitungi ya gesi uitoe vipi Nairobi hadi Mombasa, na data uipeleke wapi. Mimi nimekwama kwenye ile sentensi uliyoitupia mwishoni kana kwamba ni jambo dogo: kwamba ajenti wako pale Westlands amekwambia joto la maji ya bahari utalisoma kwenye kompyuta ya chumba cha injini, kwa hiyo ufute kipimajoto cha mahali maji yanapoingilia na uokoe hela. Ndugu yangu, sentensi hiyo ndiyo iliyotumaliza. Tuliambiwa vivyo hivyo, karibu neno kwa neno, na mtu mwenye tai na kiyoyozi, na tukamwamini kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiuza mitambo na sisi ndio tuliokuwa wageni.

Elewa kwanza maji yanapita wapi. Meli ya mizigo huvuta maji ya bahari kupitia tundu lililo chini kabisa ubavuni, mita kadhaa kutoka juu ya maji, hasa kwa ajili ya kupoza injini. Wewe unaomba tawi dogo la bomba hilo. Maji yanapita kwenye pampu, yanazungushwa kwenye mabomba yaliyo katika chumba chenye joto kali, ndipo yanafika kwenye ekwilibreta, yaani tangi dogo ambamo hunyunyizwa mfululizo hadi gesi iliyo katika hewa ya ndani ilingane na iliyo majini. Hewa hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye mashine ya infraredi na kusomwa. Maana yake, gesi unayoisoma ni ya maji ambayo tayari yamepata joto njiani. Ili uirudishe namba yako baharini, unahitaji joto la aina mbili: la ndani ya ekwilibreta, na la maji yalipokuwa yanaingia melini. Ukikosa la pili, umepima chumba cha injini.

Na joto halina huruma kwenye kazi hii. Maji yakipata joto, kaboni dayoksaidi inasukumwa itoke. Mwanasayansi Taro Takahashi na wenzake walichapisha kiwango chake mwaka 1993, na mpaka leo watu wanakitumia: shinikizo la gesi hiyo majini hupanda kwa asilimia 4.23 kwa kila digrii moja. Chukua maji yenye mikroatmosfia 400 (mikroatmosfia moja ni sehemu moja ya milioni ya shinikizo la kawaida la hewa). Digrii moja ni takriban mikroatmosfia 17. Nusu digrii ni zaidi ya 8. Sasa weka hilo kando ya jambo unalotafuta. Gesi hii angani inaongezeka kwa sehemu 2 hadi 3 hivi katika kila milioni kwa mwaka, na uso wa bahari kwa jumla unaifuata kwa mwendo unaokaribiana. Kosa la nusu digrii linameza ongezeko la miaka mitatu au zaidi. Unaweza kutangaza kwamba bahari yetu inatoa gesi kumbe inaifyonza, au kinyume chake, na hesabu zako zote zikaonekana safi kabisa kwenye karatasi.

Meli yetu ilikuwa ya makontena, ikipiga safari kati ya Kilindini na bandari za Ghuba, ikipita mbali kidogo na pwani ya Somalia. Kila kitu kilikuwa kizuri: ekwilibreta nzuri, gesi za kulinganishia (zile ambazo kiwango chake kinajulikana) nzuri, injinia mkuu mstaarabu aliyetusafishia chujio bila kuombwa mara mbili. Joto la bahari tulilinakili kutoka kwenye kioo cha chumba cha injini kama tulivyoelekezwa. Data zikajaa, tukazifanyia hesabu hapa Nairobi, tukachora grafu, tukafurahi. Halafu tukazituma zikakaguliwe na watu waliozoea kazi hii.

Jibu lilirudi na swali moja: kwa nini grafu yenu ina ngazi?

Tulipoivuta karibu tukaziona. Mstari unakwenda taratibu, ghafla unaruka kwa karibu mikroatmosfia 17, unakwenda tena, unaruka tena. Kioo cha chumba cha injini kilikuwa kinaonyesha digrii nzima nzima tu: 27, kisha 28. Bahari ilikuwa inabadilika polepole kama kawaida yake, lakini kila mara kioo kilipobadilisha tarakimu, hesabu yetu iliruka ngazi. Injinia anayeangalia kama injini inapoa hana haja ya desimali. Kifaa chake kilikuwa kinafanya kazi yake sawasawa, ila kazi hiyo haikuwa ya kwetu.

Na ngazi zilikuwa nafuu, maana zinaonekana. Lililokuwa baya zaidi lilijificha. Sensa ile haikuwa kwenye tundu la maji. Ilikuwa baada ya pampu, mahali ambapo maji yalishaanza kupata joto, na kiasi cha joto kilichoongezeka kilibadilika kila mara mtiririko ulipobadilika. Meli ikipunguza mwendo kuingia bandarini, maji yanakaa bombani muda mrefu na joto linazidi. Chujio likiziba kidogo kwa takataka, linazidi. Injinia akibadilisha pampu usiku, linabadilika, na hakuna anayekuandikia. Yule bwana wa tai tulipompigia simu alitujibu kwa utulivu kabisa kwamba tupunguze tu kiasi kilekile cha joto kwenye kila kipimo, mambo yataisha. Kiasi kilekile! Nilikuwa nimesimama nje ya lango la Chiromo, magari yanapiga honi, nikashindwa hata la kumjibu. Mtu anayeuza vifaa vya kupimia bahari, na hajawahi kushuka kwenye chumba cha injini akaweka mkono wake kwenye bomba.

Fikiria ushauri huo kwenye njia yetu. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo unasukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi. Pale karibu na Ras Hafun joto la uso wa bahari huweza kushuka chini ya digrii 20, wakati huku kwetu Mombasa maji bado yana digrii 25 na ushee. Maji hayo ya chini yamejaa kaboni dayoksaidi iliyotokana na kuoza kwa viumbe kule kilindini. Meli ikikata ukingo wa maji hayo, joto linaporomoka kwa digrii kadhaa ndani ya saa chache, na kila kitu cha maana kwa sayansi kiko hapohapo. Tundu la maji linaona baridi mara moja, maji yanayofika kwenye ekwilibreta yanachelewa dakika kadhaa bombani, na ile sensa ya chumba cha injini ina ucheleweshaji wake mwingine. Sehemu iliyokuwa na thamani kuliko zote katika kazi yetu ndiyo iliyoharibika kuliko zote. Huwezi kurudi nyuma ukaitengeneza. Joto ambalo halikupimwa siku ile halipo tena popote.

Usije ukaniambia utatumia setilaiti. Tulijaribu. Setilaiti za infraredi huona ngozi ya bahari, tabaka jembamba lisilofika milimita moja, na wewe unavuta maji kutoka mita kadhaa chini. Siku tulivu ya kaskazi yenye jua kali, juu pana joto na chini pana baridi. Wakati wa kusi mawingu yanafunika. Zinafaa kukuonyesha kama umepotea kabisa, hazifai kukupa sehemu ya kumi ya digrii.

Na hiyo sehemu ya kumi ndiyo mchezo wenyewe. Hapa najibu swali lako la data ziende wapi, kwa sababu linarudi palepale. Ziende SOCAT, hazina ya dunia ya vipimo vya kaboni dayoksaidi vya uso wa bahari, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 2011. Pale kila safari hupewa alama. Alama A na B ni za vipimo vinavyoaminika ndani ya mikroatmosfia 2. C na D ni ndani ya 5. E ni ndani ya 10. Sasa piga hesabu mwenyewe: sehemu ya kumi ya digrii pekee inakula karibu 1.7. Ukitaka B, huna ruhusa ya kukosea joto hata kwa kiasi hicho, kwa sababu bado kuna shinikizo, gesi za kulinganishia na mvuke wa maji, na kila kimoja kinataka sehemu yake. Ukikosea joto kwa digrii nzima hata E hupati.

Ndiyo maana naumia kiasi hiki. Fungua ramani ya SOCAT uiangalie. Atlantiki ya Kaskazini imechorwa mistari juu ya mistari, kwa sababu meli kama Nuka Arctica kati ya Denmark na Greenland zilibeba mitambo hii kwa miaka mingi. Baltiki wana feri ya Finnmaid inayokwenda na kurudi Finland na Ujerumani. Hata meli ya watalii, Explorer of the Seas, ilipima Karibiani. Halafu shuka kwenye bahari yetu. Miaka ya maharamia watu wa sayansi walikaa mbali, na hata baada ya hapo mistari ni ya kuhesabika. Kila safari moja inayopita pwani yetu ikiwa na data nzuri ina uzito ambao safari moja ya Atlantiki haina. Usiichome kwa ajili ya kuokoa bei ya kipimajoto.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuchagua mashine: kipimajoto chako mwenyewe, mahali maji yanapoingilia, kabla ya pampu. Kisichokuwa cha meli. Kinachorekodi chenyewe pamoja na saa, na saa hiyo iwe sawa na ya mashine yako. Wengi wanatumia SBE 38 ya Sea-Bird, inayochomekwa ndani ya bomba karibu kabisa na tundu. Kufunga hiyo kunahitaji valvu ifungwe, kwa hiyo panga na injinia mkuu meli ikiwa bandarini, au usubiri ipandishwe chelezo. Kama hawataki ukate bomba lao, ipo SBE 48 inayoshikiliwa kwa sumaku kwenye bati la meli kwa ndani, chini ya mstari wa maji. Ifunike vizuri ili joto la chumba lisiifikie. Na kile kipimajoto cha madukani mtaa wa Luthuli ulichoweka picha yake, kiache kwa kazi ya jokofu.

Kabla hakijapanda treni, kipeleke kikalinganishwe. KEBS, shirika la viwango la Kenya, wana maabara ya vipimo pale South C. Omba ulinganisho kwenye joto la baharini, digrii 18 hadi 32, usikubali cheti cha 0 na 100 tu. Na usijaribu kukikagua nyumbani kwa maji yanayochemka: hapa Nairobi maji huchemka kwenye digrii 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Baada ya mwaka kitoe, ukirudishe tena, uone kimehama kiasi gani.

Mwinuko huohuo utakuzungusha pia kwenye mashine ya infraredi. Shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya la pwani, kwa hiyo usiitengeneze mashine hapa Nairobi ukaifungia mipangilio hiyo ukidhani itasoma vilevile Kilindini. Ipitishie gesi za kulinganishia ikiwa melini, kila baada ya saa chache, safari nzima. Gesi ziwe mbili au zaidi, zenye vyeti vya kiwango cha WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, moja chini ya unachotarajia na nyingine juu. Mitungi yenyewe peleka kwa lori lenye kibali cha gesi zilizoshindiliwa.

Mashine ipi, mwenye meli umwambie nini, hayo tutayazungumza, yana nafasi yake. Leo nataka kitu kimoja kutoka kwako. Mwombe injinia mkuu mchoro wa mabomba ya maji ya bahari wa meli hiyo, kila meli inao. Uupige picha, uuweke hapa chini. Tutatafuta pamoja tundu liko wapi, pampu iko wapi, na kama kuna mahali pa kuchomeka kipimajoto kati ya hivyo viwili. Kama hakuna mahali, tutafute meli nyingine.